Sababu ya Jeraha

Angumbwike aliingia zahanati kabla sijafagia,
mkono kauviringishia shati la shule la mwanawe,
maji ya ziwa yakimchuruzika magotini.
Nikafungua shati.
Matundu mawili juu, mawili chini,
na katikati nyama imeachama kama mfuko uliochanika.
"Mbwa?"
"Mbwa gani anaogelea mpaka Ikombe, sista?"

Daftari letu lina safu ya Sababu ya Jeraha:
ajali, nyoka, mbwa, mamba, nyinginezo.
Nikaandika nyinginezo,
kisha kalamu ikasita, inangoja jina.

Fisi maji, akasema. Jike.
Na hakusema kwa hasira, alisema kama mtu
anayemtaja jirani waliyegombana naye mpakani.
Zamani ukikohoa tu, wameshazama.
Siku hizi wanapanda juu ya maboya ya wavu,
wanakaa, wanakutazama,
kama mwenye nyumba aliyefuata kodi.

Alikuta mbasa sita kwenye wavu, yaani vichwa sita.
Miili imekwenda.
Akainua kafi. Pigo la kwanza likala maji.
La pili likampata begani, akasikia mfupa,
na yule mnyama, badala ya kukimbia,
akapanda na kafi lenyewe, mkono kwa mkono,
akanuka samaki na matope na kitu kingine
ambacho Angumbwike alikitafutia neno la Kiswahili, akalikosa,
akalisema kwa Kikisi, nami mtu wa Tukuyu
nikaitikia kama niliyeelewa.

Nyuzi tisa. Hakulia.
Aliuliza tu kama mkono utashika kafi kufikia Jumamosi.
Chanjo ya kichaa iko Kyela,
na mvua ilikuwa imekwisha kuikata barabara ya Ipinda.

Jumamosi, sokoni Lyulilo, kati ya vyungu na ndizi,
mmoja akasema tuwapige kwa mikuki,
mwingine akasema sumu, tuipake kwenye usipa.
Tupokigwe, mkewe, akapanga upya vyungu vyake, akauliza,
"Na mwanangu akiokota huyo usipa wako?"
Kikao kikaishia hapo, hakuna aliyekifunga.

Jumanne nilipelekwa Ikombe kupima watoto,
mizani imefungwa kamba mbele ya mtumbwi,
kadi za kliniki ndani ya nailoni, tumboni mwangu.
Mlima unashuka wima mpaka ndani ya maji.
Siogelei. Nilitazama miamba ili nisitazame kina.
Ndipo nikamwona: kichwa kilicholowa, ndevu,
bega moja limelegea akijivuta juu ya jiwe,
na nyuma yake, kwenye ufa, vidomo viwili
vinapiga kelele za njaa, kelele za wodini kabisa.
Mpiga kafi akaacha kupiga.
Yule jike akatupigia mluzi wa puani, mfupi,
na nikajikuta nimeficha mikono yangu kwapani.

Ufukweni walikuwa wameanika samaki.
Samaki? Wadogo kuliko punje za mchele wa Kyela,
macho tu, maelfu ya macho,
yametandazwa juu ya kitambaa cha buluu,
matundu yake madogo hata yai la samaki halipenyi.
Pembeni, lebo bado imeshonwa:
Kwa mama na mtoto. Haiuzwi.
Niliijua lebo. Niliigawa mwenyewe mwezi wa tatu,
kaya kwa kaya, kwa saini na dole gumba,
nikawafundisha kuchomekea chini ya godoro.

Nilipima watoto kumi na saba.
Wanne walikuwa kwenye rangi ya njano.
Mama zao wakanipa nauli ya kurudi:
bakuli la wale wa macho, limefunikwa jani la mgomba.
Nililipokea. Jioni niliwakaanga, nikala.

Angumbwike alirudi siku ya kumi kutoa nyuzi.
Jeraha limefunga vizuri, pinki, safi.
Ziwani, alisema, wavu umechanwa tena mara mbili,
ila yule mwenye bega hajamwona.
Nikashika mkasi.
"Sista," akasema, akitazama kabati langu,
"zile neti zinakuja lini tena?"
Nikakata uzi wa kwanza.